Rangi za miteremko ya skii: jinsi ya kuzisoma kabla hujapanda lifti

Rangi iliyochorwa kwenye ramani ya kituo cha skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji, inajibu swali moja tu: njia hii, theluji ikiwa nzuri na imesawazishwa, ina ugumu gani ukiilinganisha na njia nyingine za hapohapo? Haikuambii kama usiku wa jana theluji imeganda ikawa barafu. Haikuambii kama njia inabana katikati, wala kwamba ikifika saa tisa alasiri itakuwa imejaa matuta. Na haijaahidi popote kwamba buluu ya nchi hii ni sawa na buluu ya nchi ile. Wengi wanaokwama katikati ya mteremko hawakudharau alama. Waliiamini kupita uwezo wake.

Kwa hiyo kazi ni mbili: kujua alama inasema nini mahali ulipo, kisha kuongeza juu yake yale ambayo alama haisemi.

Marekani na Kanada

Huku kila daraja lina rangi na umbo lake, na umbo linamsaidia asiyetofautisha rangi vizuri. Duara la kijani ni njia rahisi. Mraba wa buluu ni ya kati. Almasi nyeusi ni ngumu. Almasi mbili nyeusi ni kwa mjuzi peke yake: mteremko mkali pamoja na hatari nyingine, kama kuta za mwamba, makorongo membamba, miamba au miti iliyosongamana. Alama tatu za kwanza zimetumika tangu mwaka 1968, zilipopitishwa na NSAA, chama cha kitaifa cha vituo vya skii vya Marekani. Baadhi ya vituo vimeongeza za kwao: mraba wa buluu wenye almasi nyeusi ndani kwa njia iliyo kati ya madaraja mawili, herufi EX juu ya almasi mbili kwa maeneo ya hatari kubwa kabisa, au almasi tatu kama kule Big Sky, Montana.

Duara refu la rangi ya chungwa ni jambo jingine kabisa. Linaonyesha uwanja wa kurukia, wenye vipandio vya theluji, reli na masanduku. Halipimi ukali wa mteremko. Uwanja kama huo unaweza kuwa mahali palipolala sana na bado ukamvunja mtu mguu, kwa sababu hatari iko kwenye mruko.

Utasikia mara nyingi kwamba kijani ni mwinamo wa chini ya asilimia 25, buluu ni 25 hadi 40, na nyeusi ni zaidi ya 40. Zichukue kama makadirio. Hakuna mkaguzi wa nje anayekuja na kipimo. Kila kituo hujipangia njia zake kwa kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Kituo cha kilima chenye mshuko wa mita 150 kitakuwa na almasi nyeusi yake, maana lazima iwepo njia ngumu kuliko zote. Njia hiyohiyo ukiihamishia kwenye mlima wenye mshuko wa mita 1,000 huenda ikapewa mraba wa buluu. Ndiyo maana mtu aliyezoea nyeusi za kilima kidogo anashauriwa aanze na buluu akifika mlima mkubwa, hata kama anaona anajishusha.

Ulaya

Milima ya Alps hutumia buluu, nyekundu na nyeusi, bila maumbo. Ufaransa na Hispania huanza na kijani kabla ya buluu, na nchi za Skandinavia nazo pia. Austria, Uswisi, Ujerumani na Italia kwa kawaida huanza moja kwa moja na buluu, kwa hiyo buluu ya Austria inabeba ndani yake njia ambazo Mfaransa angezigawa mara mbili.

Mipaka huku imeandikwa kwa tarakimu katika viwango vya kitaifa vya nchi kama Ujerumani na Austria. Buluu isizidi mwinamo wa asilimia 25, nyekundu isizidi 40, na inayozidi 40 ni nyeusi. Ila soma vizuri sehemu ya pili ya kanuni hiyo: vipande vifupi vinaruhusiwa kupita kiwango pale palipo wazi. Buluu yenye mita chache za asilimia 30 haijakiuka chochote. Ni mita hizo chache ndizo zinazomtia anayeanza kiwewe.

Nyekundu ndiyo inayowachanganya wanaotoka Amerika, kwa sababu kwao haipo. Ichukue kuwa inaanzia kwenye mraba wa buluu ulio mgumu na kuishia kwenye almasi moja iliyo nyepesi. Nyeusi nayo ni kapu kubwa mno. Njia ya asilimia 42 ni nyeusi, na Harakiri ya Mayrhofen, Austria, yenye mwinamo unaofika asilimia 78, ni nyeusi vilevile. Hakuna almasi ya pili ya kukuonya. Ukiona nyeusi Ulaya, ulizia ni nyeusi ya namna gani.

Na siyo kila nyeusi ni ukuta. Sarenne ya Alpe d'Huez, Ufaransa, ni nyeusi yenye urefu wa kilomita 16. Sehemu yake ya juu ni kali kweli, lakini kwingi inashuka taratibu, na mwishoni inapita bondeni palipo karibu tambarare. Anayeiogopa kwa jina atakuta sehemu kubwa anaimudu. Anayeidharau atafika kilomita ya kumi miguu imekwisha. Mwenye ubao wa theluji, asiye na fimbo za kujisukumia, atafika mwisho, aishiwe kasi, atembee.

Zaidi ya rangi hizo kuna njia zilizowekwa alama lakini hazisawazishwi. Uswisi huzipaka njano, Austria huziwekea alama ya almasi na kuziita njia za skii badala ya piste, jina la njia rasmi zinazosawazishwa. Kimsingi zinalindwa dhidi ya maporomoko ya theluji zinapokuwa zimefunguliwa, lakini mashine ya kusawazisha theluji haipiti na doria ya usalama ya kituo haizikagui jioni. Mteremko wa Tortin kule Verbier ni wa aina hii. Watu huziingia wakidhani njano ni daraja rahisi kwa vile rangi yenyewe inaonekana laini. Zihesabu kuwa nyeusi yenye matuta mpaka mtu anayezijua akuambie vinginevyo.

Kuna tofauti nyingine kati ya mabara haya mawili, na hii inaua watu. Marekani na Kanada, eneo lote lililo wazi ndani ya mpaka wa kituo liko chini ya doria, pamoja na theluji iliyo kati ya njia na njia. Ulaya, ulinzi unaishia kwenye nguzo za pembeni mwa njia. Ukitoka mita mbili nje ya nguzo kufuata theluji mpya, umetoka kwenye mfumo mzima wa rangi. Huko nje hakuna buluu wala nyekundu. Kuna daraja la hatari ya maporomoko ya theluji, linalotolewa kila siku kwa namba 1 hadi 5. Usidanganywe na namba 3 kwa kuwa iko katikati. Hatari haipandi kwa ngazi sawa, na daraja la 3 tayari ni la kuogopa. Maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, yaani palepale panapovutia waliobobea.

Kwingineko

Japani hutumia kijani kwa wanaoanza, nyekundu kwa wa kati na nyeusi kwa waliobobea. Nyekundu ya Japani basi iko kwenye nafasi ya mraba wa buluu, haina ukali wa nyekundu ya Alps. Australia na New Zealand hufuata mtindo wa Amerika: duara, mraba, almasi.

Asilimia si digrii

Hapa makosa ni mengi, hata kwa watu wenye uzoefu. Asilimia 100 si ukuta wima. Ni digrii 45. Mwinamo kwa asilimia ni mita unazoshuka kwa kila mita 100 za mlalo, zinazopimwa kwenye ramani kama vile ardhi imelala. Asilimia 25 ni digrii 14. Asilimia 40 ni digrii 22. Asilimia 50 inakaribia digrii 27, na ile 78 ya Harakiri ni digrii 38. Tangazo likikuambia mteremko una 40, uliza ni 40 za nini. Asilimia 40 ni mpaka wa nyekundu na nyeusi. Digrii 40 ni mahali ambapo ukianguka kwenye theluji ngumu husimami mpaka chini.

Kosa la pili ni kuamini wastani. Tuseme njia ina urefu wa mlalo wa mita 1,000 na inashuka mita 200. Wastani wake ni asilimia 20, buluu isiyo na wasiwasi. Sasa chukulia mita 800 kati ya hizo zinashuka polepole kwa asilimia 12. Hizo zimekula mita 96 za mshuko. Mita 104 zilizobaki lazima ziishe ndani ya mita 200 tu, na hiyo ni asilimia 52, digrii zaidi ya 27. Njia hiyo ni nyeusi kwa kipande kimoja na matembezi kwa kilichobaki. Kituo kinachofanya kazi yake vizuri kitaipa rangi ya kile kipande kikali. Kwa hiyo unapopiga hesabu mwenyewe, acha mwanzo na mwisho wa njia. Tafuta mahali ambapo mistari ya mwinuko kwenye ramani ya mandhari imebanana, hesabu mita za mshuko hapo, gawa kwa umbali wa mlalo wa hapohapo. Mistari ikiwa kila mita 20, na mitatu mfululizo imekaa ndani ya mita 100, una mita 40 za mshuko kwa 100: asilimia 40.

Ukiwa mlimani unaweza kupima kwa fimbo zako mbili bila kifaa kingine. Chukua fimbo za sentimita 120, na kwenye mojawapo bandika utepe sentimita 30, 48 na 60 kutoka kwenye ncha. Simama ukingoni mwa njia mahali unapoonekana kutoka juu. Shika fimbo hiyo wima, ncha ikigusa uso wa theluji. Ilaze ya pili mlalo kabisa, mwisho wake mmoja ukigusa theluji upande wa juu wa mteremko, kisha isogeze ile ya wima mpaka ikutane na mwisho wa pili wa ile ya mlalo. Tazama zinapokutana. Zikikutana kwenye utepe wa 30, mteremko ni asilimia 25. Kwenye 48 ni 40. Kwenye 60 ni 50. Fimbo yako ikiwa na urefu mwingine, zidisha urefu wake kwa 0.25, 0.4 na 0.5 upate alama zako.

Kinachoharibu kipimo hiki ni theluji laini. Fimbo ya wima ikizama sentimita 10, mteremko halisi wa asilimia 32 utausoma 40. Pima pale mashine iliposhindilia, au chini ya ncha weka kitu kigumu chembamba. Kosa jingine ni kuinamisha fimbo ya mlalo kufuata mteremko bila kujua, kwa sababu mlimani jicho hupoteza hisia ya mlalo. Linganisha na upeo wa mbali au na paa la jengo la lifti.

Fanya zoezi hili mara chache kwenye njia unazozimudu na utaanza kukadiria kwa macho. Mtu asiyepima huwa anaona asilimia 40 kama 70 akiwa juu, na kama 20 akiwa chini anasubiri lifti.

Yanayobadilisha rangi bila ramani kubadilika

Theluji ndiyo ya kwanza, na theluji inafuata saa. Jua likipiga mteremko mchana, uso unayeyuka kidogo, usiku unaganda. Asubuhi njia inayotazama jua ni ngumu na inateleza, na ukingo wa skii unakwaruza bila kushika. Baadaye uso unalainika juu kwa sentimita chache huku chini pakibaki pagumu, na hapo ndipo penye raha kuliko wakati wowote wa siku. Alasiri inakuwa uji mzito unaovuta skii na kupinda magoti. Katika nusu ya kaskazini ya dunia miteremko inayotazama kusini hupitia mzunguko huu kwa nguvu zaidi. Ile inayotazama kaskazini hubaki na theluji baridi kavu muda mrefu. Katika nusu ya kusini ni kinyume. Kwa hiyo mwishoni mwa msimu nyekundu ya kivulini inaweza kuwa salama kuliko buluu ya upande wa jua saa tatu asubuhi. Subiri muda wa saa mbili na ile buluu itarudi kuwa buluu.

Siku za baridi kali zisizo na theluji mpya hazina mzunguko huo. Kinachobadilika ni watu. Kila anayekata kona anasukuma theluji pembeni. Wanaofuata wanakata kona palepale kwa sababu ndipo njia inapowaelekeza, na rundo linakua likawa tuta. Njia maarufu ya buluu inayorudi kijijini hupitiwa na karibu kila mtu kituoni kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Katikati yake panabaki barafu iliyokwanguliwa, pembeni malundo, na juu yake msongamano wa watu waliochoka. Wengi huumia hapa na siyo kwenye nyeusi. Ukiweza, shuka saa moja mapema, au rudi na kabini ya kamba.

Upana unahesabiwa kidogo mno na rangi. Barabara ya mashine inayokatiza ubavuni mwa mlima huwekwa kijani kwa vile mwinamo wake ni mdogo, lakini ikiwa na upana wa mita nne na upande mmoja ni bonde, anayeanza hana nafasi ya kukata kona. Anabaki kubana ncha za skii na kutanua visigino mfululizo, mapaja yanawaka, kasi inaongezeka. Kwake mteremko mpana wa buluu ungekuwa rahisi zaidi. Kwa mwenye ubao shida ni kinyume: barabara hiyohiyo ikilala mno anaishiwa kasi. Akague kwenye ramani sehemu tambarare na aziingie kwa kasi kutoka juu.

Mwanga nao. Siku ya mawingu mazito theluji na anga vinakuwa kitu kimoja, matuta na mashimo havionekani mpaka vikuguse. Shuka daraja moja la rangi siku hiyo, na chagua njia zinazopita kati ya miti, kwa kuwa mashina yanarudisha kivuli na kipimo cha umbali. Juu ya mita 3,000 ongeza na uhaba wa hewa: miguu inachoka mapema kuliko unavyotarajia, na kona za mwisho ndizo zinazokuwa mbaya.

Kuisoma ramani ya kituo

Ramani za vituo nyingi ni michoro ya mandhari, siyo vipimo. Mchoraji hupinda mlima ili njia zote zionekane kwenye karatasi moja, kwa hiyo usikadirie ukali wala urefu kwa kuangalia mchoro. Inafaa kwa jambo moja: kujua nini kimeungana na nini. Itumie hivi:

1. Anzia kwenye kituo cha juu cha lifti unayotaka kupanda. Taja kila njia inayoondoka pale na rangi yake. Kuna lifti ambazo juu yake hakuna kingine ila nyeusi, na mstari wa lifti wenyewe hauna rangi ya kukuonya.

2. Fuata njia uliyochagua kwa kidole mpaka chini kabisa, usiishie kwenye jina lake. Buluu nyingi humwagikia kwenye nyekundu katikati ya mlima. Angalia kila makutano.

3. Tafuta njia ya pili ya kutoka. Ukifika katikati ukaona huwezi, kuna kabini ya kushukia? Kabini nyingi hubeba watu kushuka. Lifti ya viti hutegemea ruhusa ya mwendeshaji, muulize kabla ya kupanda.

4. Linganisha na taarifa ya asubuhi ya njia zilizosawazishwa usiku. Nyekundu iliyosawazishwa na nyekundu iliyoachwa siku kadhaa ni njia mbili tofauti.

5. Andika saa ya mwisho ya lifti inayokurudisha upande uliolala. Kwenye vituo vilivyounganishwa mabonde mawili au matatu, kuikosa lifti hiyo ni safari ndefu ya barabara usiku.

Alama zikiwa mlimani

Amerika ya Kaskazini rangi huandikwa kwenye bango mwanzoni mwa njia na kwenye makutano. Pembeni mwa njia kwa kawaida hakuna nguzo. Ukipita bango bila kusoma, unaweza kushuka mlima mzima usiione rangi tena. Ulaya nguzo zinafuata njia. Ufaransa zina diski ya rangi ya njia, na namba zinazopungua kadiri unavyoshuka hadi 1 mwisho. Nguzo za upande wa kulia, ukiwa unatazama chini, zina kichwa cha rangi ya chungwa inayong'aa. Kwenye ukungu jambo hili ni kubwa: ukiiona chungwa, njia iko kushoto kwako. Ukiita msaada, taja jina la njia na namba ya diski iliyo karibu. Doria itakuja moja kwa moja.

Kamba, nyavu na neno la kufunga vinashinda rangi yoyote. Njia ya kijani iliyofungwa imefungwa kwa sababu ambayo mara nyingi huioni ulipo: mteremko ulio juu yake umejaa theluji, au mashine inafanya kazi nyuma ya kona.

Lini upande daraja

Usihesabu siku ulizoskii, hesabu unachoweza. Toka kijani kwenda buluu ukiwa unaweza kusimama pale ulipopachagua, kukata kona kulia na kushoto kwa kasi uliyoitaka, na kupita kando ya mtu aliyeanguka bila kumgusa. Kutoka buluu kwenda nyekundu, skii zako ziwe sambamba kwa sehemu kubwa ya kona, na uweze kushuka kiubavu pande zote mbili: skii zimekatiza mteremko, unalegeza kingo, unateleza mita tano moja kwa moja chini, unazikaza tena, unasimama. Wengi wanaweza upande mmoja tu. Nyekundu itakudai ule mwingine.

Nyeusi inataka kona fupi zisizoongeza kasi, na kujua kujisimamisha baada ya kuanguka: geuza miguu iwe chini yako, skii zikatize mteremko, kandamiza kingo. Fanya hivyo mara moja, kabla mwendo haujashika.

Kosa linaloangusha watu daraja linapopanda ni lilelile kila mahali. Mteremko ukiwa mkali mwili unaogopa na kuegemea mlima. Uzito unahamia visiginoni na kwenye skii ya juu, skii ya chini inapoteza mshiko, na ncha hazigeuki. Unavyozidi kuegemea ndivyo unavyozidi kuteleza. Dawa ni kupeleka kifua na mikono upande wa bondeni na kusimama juu ya skii ya chini. Lijaribu hili kwenye buluu yenye kipande kimoja kikali, huku ukijua chini yake pamelala.

Ukijikuta umeingia pasipo pako

Sogea ukingoni, mahali unapoonekana kutoka juu, usikae nyuma ya tuta wala penye wembamba. Hiyo ni mojawapo ya kanuni kumi za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, na anayeshuka nyuma yako anategemea uifuate.

Usivue skii kwenye mteremko mkali mgumu. Buti za skii zina soli ya plastiki isiyoshika chochote, na skii ikikuponyoka itashuka peke yake kwa kasi ya kumjeruhi mtu. Shuka kiubavu kama ilivyoelezwa juu, kipande kwa kipande. Pakibana, katiza mteremko polepole hadi ukingo mmoja, simama, teleza kidogo kinyumenyume kiubavu, kisha rudi upande wa pili; unashuka bila kuelekeza ncha bondeni hata mara moja. Tazama mita tano za mbele, achana na bonde lote. Ikibidi kutembea kwa kuwa skii imevunjika au umeumia, tembea ukingoni kabisa. Nguvu zikiisha, pigia doria mapema ungali na mwanga na simu ina chaji. Baridi humaliza betri haraka, iweke mfuko wa ndani.

Usisubiri mpaka njia zifungwe ndipo ushuke polepole ukiwa peke yako. Jioni doria hupita mara ya mwisho kuhakikisha hakuna aliyebaki, baada ya hapo mashine huanza kazi. Kwenye vipande vikali mashine hujivuta kwa waya wa chuma uliofungwa juu, waya unaoweza kufika mita 1,000. Unakaa chini ya theluji au juu yake kidogo, gizani hauonekani, na mashine ikigeuka unaruka upande mmoja wa njia hadi mwingine ghafla. Mashine yenyewe inaweza kuwa nyuma ya kilima, taa na mlio wake usivisikie wala kuviona. Ukiona bango la waya, au kamba imefunga mwanzo wa njia, geuka na ushuke kwa njia nyingine, hata kama ni ndefu na hata kama unayoiacha ni ya kijani.